Bi Mafuta na Kirusi Kilichokosa Mlango

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kulisha seli zaidi ya alivyowalisha wanawe (maneno ya mumewe hayo, si yangu), mtafiti wetu mwandamizi anakabidhi funguo za maabara ya virusi. Kwenye karatasi za ofisi ana jina na vyeo. Sisi tunamwita Bi Mafuta, na anaitika.

Jina lilitokana na kazi. Kila seli ya mwili imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta, na yeye alitaka kujua virusi vinaupenyaje. Wengi wetu tuliuona utando huo ni ukuta tu. Macho yote yalikuwa kwenye protini. Bi Mafuta alishikilia kwamba ukuta nao una lake la kusema. Tulimtania sana. Harusini ndiko alikopata tabu zaidi: mashemeji walimzunguka wakiuliza kama wakiacha vya kukaanga hawatapata mafua, naye, kipaja cha kuku mkononi, akawaambia mafuta ya seli ni habari nyingine, wale kwa amani.

Mambo yaligeuzwa na vifuniko. Zamani tuliandika jina la dawa juu ya kifuniko, maana ndicho kinachoonekana chupa ikiwa kwenye friji. Siku moja chupa mbili zikafunguliwa pamoja, kila moja ikafungwa kwa kifuniko cha mwenzake. Bi Mafuta akaosha seli zake kwa alichodhani ni maji ya chumvi, kumbe ni dawa ya majirani zetu wa utafiti wa moyo, ile inayonyonya kolesteroli kutoka kwenye utando. Kisha akazimwagia kirusi cha wodi ya watoto, kile kinachobana vifua vya wachanga. Asubuhi yake seli zote zilikuwa nzima.

Mkuu wetu wa wakati huo, mtu mwema lakini mwepesi wa hasira, akaamua kirusi kimekufa na kuagiza kichomwe. Ndicho pekee tulichowahi kufanikiwa kukikuza kutoka wodini. Bi Mafuta akasimama mbele ya friza, akasema habanduki mpaka akijaribu kwenye seli nyingine. Huko kilizaana kwa fujo. Akafuatilia, akagundua vifuniko, halafu akarudia kosa lile makusudi: kirusi kikakwama nje. Aliporudishia seli kolesteroli, kikaingia bila hodi. Tangu hapo tunaandika kwenye ubavu wa chupa, na anayesahau hukutana na jicho lake.

Kutoka hapo hadi dawa ilikuwa safari ndefu. Ile inayonyonya kolesteroli ikizidi inaua seli. Ikipungua kirusi hakijali. Mara mbili mradi ulifungwa, mara mbili akaufungua kwa kuwachosha wakubwa. Mjukuu wa dereva wetu alipofariki kwa kirusi hichohicho, Bi Mafuta alikwenda msibani, akarudi, koti lake la maabara akaliacha msumarini asubuhi nzima. Siku ile sote tuliogopa kwamba ataacha. Mchana akavaa koti lake, akaomba seli mpya.

Mwezi uliopita kibali kilifika. Watu wazima waliojitolea waliivumilia vizuri dawa hiyo ya kuvuta kwa pumzi, na sasa itaanza kujaribiwa kwa watoto, wiki moja baada ya yeye kuondoka. Inauma, tusidanganyane. Inaweza pia kushindwa, na yeye ndiye wa kwanza kutukumbusha hilo. Lakini kwa mara ya kwanza akina mama wa wodi ile wana kitu cha kutumaini.

Bi Mafuta, umetukataza kukupigia kwa tetesi, tungoje majibu kamili. Tumekubali. Asante kwa ukaidi wako, na Mungu akupe afya na usingizi wa kutosha. Simu usiiweke mbali: majibu yakitoka utayasikia wewe kabla ya mkurugenzi. Mkurugenzi mwenyewe amesoma sentensi hiyo, na ameipitisha.