Maji Aliyoombwa Mwalimu Sila Bagenda

Mchungaji Kahigwa, wazee wa kanisa, viongozi wa kijiji, walimu wenzake marehemu, majirani, na ndugu mliovuka ziwa kutoka Bukoba kuja kumzika, familia inawasalimu na kuwaomba utulivu, kwa sababu katika wasifu huu yamo mambo ambayo marehemu mwenyewe aliagiza yasomwe kabla ya jeneza kufungwa, na hayakuwa mepesi kwetu kuyaandika.

Mwalimu Sila Bagenda alizaliwa tarehe 8 Machi 1920 katika kijiji cha Rwabigaga, wilaya ya Bukoba, mtoto wa tatu wa mkulima wa kahawa, akabatizwa akiwa mchanga, akaanza shule ya misheni mwaka 1929. Alipenda kutusimulia kwamba alipokuwa na miaka kumi na mitatu, mwinjilisti mmoja wa kule aliwaambia wazazi kuwa imeandikwa kwamba asiyetoa siku mbili za kupalilia shamba la kanisa hataingia mbinguni, naye Sila, ambaye nyumbani kwao alikuwa peke yake anayejua kusoma, akapekua Agano Jipya kwa wiki tatu bila kuliona neno hilo, ila akaikuta barua ya Paulo kwa Warumi, akamsomea baba yake pale panaposema mtu huhesabiwa haki kwa imani. Tangu hapo alishika mambo mawili, kwamba wokovu hutolewa bure, na kwamba asiyejua kusoma atauziwa na wajanja kitu alichokwisha kupewa.

Alisomea ualimu miaka miwili, akapata cheti mwezi Desemba 1940, akafundisha Bukoba hadi mwaka 1948 alipohamia Mwanza, akafundisha Kisesa kwa miaka kumi na mitatu, na kuanzia Januari 1961 akawa mwalimu mkuu wa shule yetu hii ya Mwabulolo hadi alipostaafu mwaka 1975. Alifunga ndoa na mama yetu, Odeta, tarehe 14 Septemba 1946, wakajaliwa watoto sita, mmoja akatangulia. Wengi mliokaa hapa mlishikwa mkono naye mkiandika herufi ya kwanza, na hakuwahi kumpiga mtoto kwa sababu ya kutojua.

Kanisani alikuwa mzee wa baraza na mwalimu wa darasa la ubatizo, na kwa kuwa mchungaji alifika mtaa wetu mara tatu tu kwa mwaka, neno la Mwalimu ndilo lililoendesha mambo. Mwezi Mei 1969 alileta shauri katika baraza kwamba mtu mzima asibatizwe mpaka asome mwenyewe fungu moja la Biblia mbele ya wazee, akisema Maandiko ndiyo hakimu wa mhubiri, na asiyeweza kuyasoma hana pa kukatia rufaa. Mzee Luhaga, mpima pamba wa chama cha ushirika, alipinga, akamwuliza mbele ya wote, "Mwalimu, tunahesabiwa haki kwa imani au kwa darasa la nne?" Watu walicheka sana, hata Mwalimu akatabasamu, lakini kicheko kile hakukisahau, na shauri lake likapita.

Mwaka 1970 waliingia darasani Bibi Nkwimba, mjane wa zaidi ya miaka sitini, na binti yake Justa. Justa alisoma kwa miezi minane, akabatizwa Pasaka ya mwaka 1971. Mama yake herufi zilimkataa, ingawa aliweza kusimulia habari za Yesu kwa Kisukuma tangu mwanzo hadi mwisho huku akipalilia pamba, mpaka majirani wakawa wanachagua kupalilia mistari iliyo karibu na yake. Alifanya mtihani mara nne. Mara ya nne, Julai 1973, alisema fungu lote walilofundishwa bila kukosea, naye Mwalimu, aliyejua kwamba watoto hukariri, akafunua mahali pengine. Bibi aliutazama ukurasa, akafunga kitabu, akamrudishia kwa mikono miwili, akasema, "Mimi nimemjua kwa masikio, Mwalimu. Macho yatanikuta njiani." Akarudi kukaa kwenye benchi la wanafunzi.

Mwaka 1974, wakati wa kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, Bibi Nkwimba alilala wiki tatu katika kibanda kisichoezekwa, akashikwa na homa ya mapafu. Alhamisi tarehe 19 Septemba, Justa alikuja shuleni saa ya mapumziko, akamwambia Mwalimu kwamba mama yake anakufa na anaomba maji ya ubatizo, ambayo kwa desturi ya kanisa letu Mkristo yeyote anaweza kumpa mtu aliye katika hatari ya kufa. Mwalimu alikwenda. Alipoketi, Bibi alimwuliza kwa sauti ndogo kama leo hakumletea kitabu.

Hapa tunasoma kama alivyotuambia mwenyewe. Hakukosa imani kwamba Mungu humpokea mtu bure, alikosa ujasiri wa kuonekana ameshindwa na Luhaga, kwa maana akimbatiza huyu asiyesoma, sheria yake ya miaka mitano imekwisha. Alimwambia Bibi kwamba atapona, na kwamba Jumapili atamletea kitabu cha kwanza waanze upya taratibu, akaaga, akawahi kipindi cha hesabu. Bibi Nkwimba alifariki Jumamosi tarehe 21, na kwa kuwa hakuwa amebatizwa, alizikwa nje ya ua wa kanisa, bila mchungaji na bila wimbo.

Tarehe 6 Oktoba 1974, baada ya ibada, Mzee Luhaga aliuliza mbele ya usharika kama kuna mtu aliyeitwa kwa Bibi akakataa kumbatiza. Mwalimu alijibu kwamba aliitwa kumjulia hali mgonjwa, na hakuna aliyemtajia ubatizo. Justa alisimama, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Kikombe cha maji kilikuwa kwenye kigoda. Ulikisogeza ukaweka kofia yako." Mwalimu akasema hakumbuki kikombe. Wazee, ambao karibu wote aliwafundisha kusoma, walimwamini, wakamtaka Justa aombe radhi kwa kumshuhudia mzee uongo, naye akakataa, akatengwa na Meza ya Bwana, na mpaka leo ni miaka minane na nusu. Hakuhama kanisa. Alikuja kila Jumapili, akakaa benchi la nyuma, na wengine walipokwenda mezani yeye alibaki ameketi. Nasi watoto wa Mwalimu tulimsalimia kwa mbali, kama mtu aliyemchafua baba yetu.

Sheria ile ya kusoma ilifutwa mwaka 1976 kwa hoja ya Luhaga, na Mwalimu akainua mkono kuiunga, watu wakamsifu kwa unyenyekevu, sifa ambazo alituambia zilimwuma kuliko tusi.

Ugonjwa wa kisukari ulimpata mwaka 1979, na mwezi Januari 1983 alilazwa hospitali mjini Mwanza, akakatwa mguu wa kushoto. Aliporudi nyumbani mwezi Februari alimweleza mama yetu kila kitu, kisha akamwomba akamwite Justa, na mama akaenda mwenyewe kwa miguu. Justa alifika na jembe lake begani, hakuketi. Mwalimu aliungama bila kujitetea, akamwambia ameamua azikwe nje ya ua, bila mchungaji na bila wimbo, kama alivyozikwa Bibi.

Justa alimjibu, "Bado unatunga mitihani, Mwalimu, na sasa unajisahihisha mwenyewe. Mama hakuzikwa kimya ili wewe upate pa kulipia." Akaongeza kwamba hasira yake anayo, na hiyo atamalizana nayo yeye na Mungu, isigeuzwe kuwa shughuli ya mgonjwa. Mwalimu alimwuliza basi afanye nini. Alijibu, "Sema pale uliposemea uongo."

Alikusudia kusema Jumapili ya Matawi, tarehe 27 Machi, akiletwa kwa mkokoteni, lakini siku tano kabla hali ilibadilika, akarudishwa hospitali, na hapo akatuagiza sisi. Alifariki Alhamisi tarehe 14 Aprili 1983, saa tatu asubuhi. Leo atazikwa ndani ya ua na wimbo utaimbwa, kwa kuwa maneno ya Justa hayakutupa ruhusa ya kufanya vingine.

Basi kwa niaba yake, na mahali pale pale, kanisani humu, tunasema kwamba Mwalimu Sila Bagenda aliombwa maji ya ubatizo na Bibi Nkwimba, aliyaona, akamnyima, kisha akalidanganya kanisa. Justa binti Nkwimba alisema kweli. Familia haisomi haya kwa kudhani kwamba kuyasoma kunamfutia baba kosa, inayasoma kwa sababu ni kweli, na inawaomba wazee wa baraza, kabla hatujatoka humu, wamrudishie Justa jina lake mbele ya watu wale wale waliosikia akivuliwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochota maji na kupasua kuni tangu Alhamisi, walimu wenzake, wanafunzi wake wa zamani, na Mzee Luhaga aliyetengeneza jeneza hili kwa mkono wake. Justa, kwako shukrani haitoshi na radhi tumechelewa kuiomba, tunaiomba, nawe ujibu utakapopenda au usijibu.

Baba, tunakukabidhi kwa Yule apokeaye watu bure, kwa kuwa hatuna kingine cha kukupeleka nacho. Pumzika kwa amani.