Ngiri Mbili na Kiko cha Masatu

Bwana asifiwe! Na ninyi mlioketi kule mlangoni, Bwana asifiwe! Mimi ni Magesa, mkulima wa pamba wa Bukima. Mnaniona nimesimama wima. Ndugu zangu, sikuwaga hivi!

Nilikuwa na ngiri pande zote mbili. Nikikohoa, nashika tumbo. Na kukohoa ndiyo ilikuwa kazi yangu, maana tangu ujana kiko hakikunitoka mdomoni. Nilipofika hospitali ya misheni Musoma, daktari Mzungu akasema atapasua upande mmoja kwanza, nikipona nirudi kwa wa pili.

Ndugu zangu, upande ule wa kwanza! Mzee mmoja wa Butiama, kitanda cha jirani, alipasuliwa ngiri kama yangu. Alichomwa sindano ya maumivu, akalala. Mimi nilichomwa ileile, nikaendelea kulia mbele ya mama mkwe aliyekuja kunitazama! Kisha rika langu Masatu akaja kutoka Kibara kunipa pole, na tumbaku mkononi. Kwetu, rika lako akikupa kiko hukatai. Ukikataa, umemwambia urafiki umekwisha. Nikatoka nje ya wodi nikavuta. Kikohozi kikaja. Nilidhani nyuzi zote zimekatika!

Dresa aliyekuwa akinifunga kidonda akanifokea: "Baba, ninyi watu wa kiko ndio mnaonililiaga kila siku. Mwili uliozoea tumbaku unaumia zaidi, na dawa haiwatoshi. Kabla ya upande wa pili, acha!"

Nilirudi nyumbani nikaapa sipasuliwi tena. Siku moja ngiri ile iliyobaki ikakwama nikiwa shambani. Nilitapika mpaka macho yakaingia giza. Ikarudi yenyewe kwa rehema za Mungu, lakini daktari alikuwa ameshanionya: ikikwama isirudi, ni kaburi. Niliogopa kufa, na niliogopa kisu.

Mke wangu Nyangeta akapiga magoti akaomba. Tena hakuishia hapo, huyu mama! Akapanda mtumbwi mpaka Kibara, akarudi na Masatu. Masatu akamkabidhi kiko chake mbele yangu. "Shemeji, chukua. Mimi nikiacha, huyu atavuta na nani?"

Tukaacha wote wawili. Hasira tulizokuwa nazo! Tuligombana kama wake wenza, tukaomba, tukagombana tena. Mungu akatushika.

Nikarudi Musoma. Nilipozinduka nikamwuliza dresa, "Mmeahirisha?" Akacheka: "Tumeshamaliza, baba!" Maumivu yalikuwepo, sisemi uongo, ila sindano ikiingia yanatulia. Nililala! Masatu akaja mikono mitupu, akakaa kitandani hajui mikono aiweke wapi. Nikacheka kwa sauti. Nikashika tumbo kwa mazoea, nikakuta haliumi nilivyoogopa.

Asante Mungu wangu! Asante Nyangeta. Masatu, simama wakuone. Ndugu yangu, kama una kiko mfukoni na kisu kinakungoja, mwamini huyu Mungu, uje mbele tukuombee. Na rika lako unayevuta naye, mshike mkono. Njooni wawili.