Kiatu Kimoja Kimeachwa Nje

— Wewe, kwa akili yako timamu, unaweza kukusanya nyimbo kali za Bati Tupu halafu ukaacha "Kiatu Kimoja"?

Swali hilo lilinipokea kabla sijakaa. Aliyelitupa ni Spika, fundi redio, mtu ambaye hajawahi kusema siri ikabaki kwenye mtaa mmoja. Benchi letu limeegemea ukuta wa kibaraza cha fundi cherehani tunayemwita Shemeji, kwa kuwa mumewe, Radi, ni kaka yetu sote. Mguu mmoja wa benchi umesimama juu ya tofali na ukijisogeza linayumba lote, kwa hiyo ukitaka kuhama kwenye hoja sharti uwaage wenzako kwanza. Shemeji hushona nyuma yetu, cherehani yake ya kukanyaga ikienda bila kupumzika. Mkasi wake huning'inia kwenye msumari mchana kutwa bila hofu ya wezi: ni mkasi wa mkono wa kushoto, ukiuazima unakitafuna kitambaa kama mbuzi. Katikati yetu kulikuwa na birika la kahawa na Bwana Ushahidi, karani mstaafu wa mahakama, ambaye hudai ushahidi kwa kila mtu ili yeye asidaiwe. Pembeni alikaa Radi. Siku hizi anauza matairi yaliyotumika, lakini zamani alikuwa mpiga dramu wa Bati Tupu, bendi ya roki iliyorekodi bila kampuni, bila mdhamini, na mara nyingine bila umeme wa kuaminika, ikawafundisha kupiga gitaa vijana wote wa mji huu waliowahi kuwakera majirani. Hadi leo watu wakimwona Radi hawamsalimii kwa maneno. Wanagonga kilicho karibu, dum-dum-ta, mwanzo wa "Kiatu Kimoja", naye hunyanyua mkono kama mgeni rasmi.

— Niache nikae kwanza, nikamwambia Spika. Nani kauacha?

— Hao wanaotoa santuri! Nyimbo bora za Bati Tupu, wameziita. Ule wa dakika tisa, gitaa linalia kama bawaba ya mlango wa choo, umo. Ule ambao mwimbaji alisahau maneno akahesabu matofali, umo. "Kiatu Kimoja" haumo! Na jioni hii wanapeleka kazi kiwandani.

Nikamgeukia Radi.

— Kaka, si mikanda yote ya bendi iko kwako, chini ya kitanda?

— Niliwapa. Huo mmoja umeliwa na unyevu. Yaliyopita si ndwele.

Bwana Ushahidi akaweka kikombe chini.

— Ngoja kidogo. Mikanda yote imelala chini ya kitanda kimoja. Unyevu umepita hapo, umeruka huu, umeruka ule, umekula mmoja. Unyevu unaosoma majina?

— Unyevu ni unyevu, Radi alisema, akakoroga kahawa isiyo na sukari.

— Hapana, hapa pana mkono wa mtu, Spika akasema. Wahenga walishasema, kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake nini? Kampuni za nguo zimehusika.

— Wimbo ni wa kiatu, nikamkumbusha.

— Na kiatu si vazi, dada? Sikiliza. Wimbo unasema mtu alitoka na kiatu kimoja na akafika alikokuwa anakwenda. Mji mzima ukiamini hivyo, cha pili atanunua nani? Nusu ya biashara imekufa! Wenye viatu wamekaa, wameogopa, wamepeleka mtu na ndoo ya maji.

— Chini ya kitanda cha Radi?

— Kuna watu wembamba.

Bwana Ushahidi akatikisa kichwa kwa huruma, kama anayemsikiliza mshtakiwa anayejitetea mwenyewe.

— Huna ushahidi. Nitawaambia ninachokijua, na kisitoke hapa. Wanajeshi wakivuka daraja huambiwa wasikanyage kwa pamoja, kweli si kweli?

— Kweli.

— Basi. Huo mdundo wa Radi umepimwa. Santuri ikitoka, watu wakaupiga nyumba zote kwa wakati mmoja, hakuna daraja litakalobaki limesimama. Imebidi uzuiwe. Mambo ya usalama hayo.

— Umepimwa na nani?

— Wataalamu. Wewe umesoma, unawafahamu.

Nimesoma, na hao siwafahamu. Lakini nilichokuwa nakitazama ni Radi. Mtu akisifiwa kwamba ana mkono wa kuangusha madaraja, angalau hutabasamu. Yeye alikuwa anahesabu majani ya chai ndani ya kikombe cha kahawa.

— Tusipoteze muda, Spika akasimama, na benchi likayumba na sisi sote. Haraka haraka haina baraka, kwa hiyo twende sasa hivi! Tukakae mlangoni kwa mtayarishaji. Haondoki mtu wala gari mpaka wimbo uingie.

— Twendeni, nikasema, na nilimaanisha. Mambo mengi katika mji huu hupotea kwa sababu watu walimaliza kahawa kwanza.

— Acheni, jamani, Radi akasema. Nyimbo zilizomo zinatosha.

— Zinatosha? Kaka, huo ndio wimbo unaokufanya uwe Radi. Ukiachwa nje, miaka michache ijayo mtu akigonga meza, vijana watadhani anaita mhudumu.

— Sifa haziliwi.

— Hukusema hivyo juzi, ulipomwinua mtu kwenye foleni ya benki akupishe kwa sababu wewe ni Radi.

Spika alishatoa simu.

— Nampigia mtayarishaji. Nafungua sauti, wote msikie.

Sauti ya mtayarishaji ikatoka imechoka, kama ya mtu aliyekwisha pigiwa na vijiwe vingine.

— Ndugu zangu, hata mimi nautaka. Ndio wimbo wa kwanza, nafasi yake bado nimeiacha wazi. Lakini Mzee Radi mwenyewe kaniambia mkanda umeharibika. Nikiupata kabla sijafunga ofisi, unaingia. Nikiukosa, ndio basi, nakala nyingine zote ni za kunaswa redioni, hazifai kiwandani. Na bado kuna kijitabu cha ndani, lazima kila wimbo tuandike nani alipiga nini...

Hapo ndipo akaingia mgeni. Mwanamke kijana, gauni limekunjwa kwapani, zipu inaning'inia.

— Hodi hapa. Fundi, unaweza kuniokoa na hii?

Shemeji akapokea gauni bila kuacha kukanyaga. Mgeni akatazama simu, akatutazama sisi, kisha akamtazama Radi.

— Samahani. Radi wa Bati Tupu? Wewe ndiye?

— Ndiye mwenyewe! Spika akajibu kwa niaba yake.

— Jamani! Mimi nafundisha muziki pale shuleni. Wanafunzi wangu wa dramu wanajifunza kwa nyimbo zenu. Shikamoo.

— Marahaba, Radi akasema, mkono ukinyanyuka wenyewe kwa mazoea.

— Basi naomba kuuliza kitu kimoja kidogo, watoto huniuliza nakosa jibu. Kwenye nyimbo zenu zote, unapopita kwenye dramu unaanza na ndogo, unamalizia kubwa. Kila wimbo. "Kiatu Kimoja" tu ndio unaanza na kubwa, unarudi kwenye ndogo. Dum-dum-ta. Kwa nini?

Mkono wa Radi ulikuwa bado hewani. Bwana Ushahidi alichungulia ndani ya birika kana kwamba sheria yenyewe imelala humo.

— Ni ufundi, Spika akajaribu. Labda siku hiyo dramu ziligeuzwa. Na upepo.

— Ndani ya studio?

— Kuna pepo nyingi, mwalimu.

— Mimi nilidhani, mwalimu akasema taratibu, ni mtu anayetumia mkono wa kushoto aliyekalia dramu zilizopangwa kwa ajili ya mwingine, akakosa muda wa kuzigeuza. Wa kushoto amezoea kupita kutoka kulia kwenda kushoto, na hapo dramu kubwa iko kulia, kwa hiyo angeanzia huko. Lakini Mzee hapa naona anashika kikombe kwa kulia.

Macho yangu yakaenda kwenye msumari. Mkasi haukuwepo. Ulikuwa mkononi mwa Shemeji, mkono wa kushoto, ule ule wa siku zote, ukikata uzi wa zipu.

Cherehani ikanyamaza. Hatukuwa tumegundua jinsi ilivyokuwa ikitushikia mdundo wa maneno yetu mpaka iliposimama.

— Baba watoto, Shemeji akasema. Mkanda upi umeharibika?

— Mke wangu, shughulika na nguo za watu.

— Nashughulika na ya kwako. Jumamosi nilifagia chini ya kitanda. Mkanda wa "Kiatu Kimoja" umo kwenye boksi lake, mkavu kuliko mkate wa juzi. Mwingine hata mmoja haupo. Nilidhani umeubakiza ili uupeleke mwenyewe kwa heshima zake.

— Halo? simu ikasema. Nani huyo anayeongea?

Spika, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliiweka simu juu ya benchi bila kutangaza kitu.

— Bendi ilisema haina mwanamke, Shemeji akaendelea, na hakupandisha sauti. Nikasema sawa. Ukaniomba nisiseme, sikusema. Watu wanagonga meza, wewe unanyanyua mkono, mimi nakanyaga cherehani. Sawa pia, nilikuwa nikiusikia redioni, najua mikono ni ya nani. Leo unanitoa hata kwenye mlio wangu mwenyewe?

— Shemeji, nikaanza, tuambie...

— Mimi sisemi. Nikisema mimi, kesho mtasema kuna mwanamke kijiweni anajisifu. Atasema yeye, na huyo mwenye simu asikie.

— Mwacheni shahidi, Bwana Ushahidi akanong'ona, na hakuomba chochote cha ziada.

Radi aliitazama simu juu ya benchi kama tairi ambalo hajui limepasuka wapi. Akaichukua. Akamtazama mkewe, naye mkewe alimtazama vile vile, mkasi umetulia magotini.

— Mkanda ni mzima, alisema. Nilikudanganya. Nilijua ukifika kwenye kijitabu utaniuliza jina. Nauleta sasa hivi, na nakuja na mwenyewe, akutamkie jina lake uliandike vizuri. Dramu alipiga mke wangu.

— Sawa, Mzee, mtayarishaji akasema, na tulisikia kalamu ikitafutwa. Lakini nielewe. Wewe wakati huo ulikuwa wapi?

Mwalimu wa muziki alikuwa amejibana ukutani. Birika lilikuwa tupu na hakuna aliyelalamika. Radi akafuta uso kwa kiganja, mkono wa kulia.

— Nilikuwa nimelewa, nimelala kwenye gari la vyombo. Muda wa studio ulikuwa unakwisha, wakamwita yeye aliyekuwa ameketi na sisi katika mazoezi yote, anajua kila mdundo. Makofi ndiyo yaliyoniamsha. Nikaingia ndani nikayapokea.