Vitabu vya Juu ya Mafiga

Sogeeni, wanangu, na wewe Evarist acha kusimama mlangoni kama mtu anayesubiri gari. Nigeuzeni nitazame ukutani. Hapana, nirudisheni. Kitanda hiki kina miba leo. Vestina, moto unawaka? Nenda ukaangalie, kisha urudi.

Sikilizeni. Kibanja ni cha Evarist, migomba na mibuni yote mpaka bondeni. Baba yenu alishasema mbele ya ukoo, sina ubishi. Nasemea vile vitabu vyake vilivyoko jikoni, kwenye uchaga juu ya mafiga. Mimi sikuvipenda. Niliishia darasa la pili, nikaenda kulima. Yeye naye hakufika mbali, lakini kila mzungu wa misheni aliyefungasha kurudi kwao, baba yenu Apolinary alikuwa getini kwake anaomba vitabu vya ndege, vya vyura, vya vipepeo. Msimu wa senene watu wanajaza magunia, yeye ameshika mmoja anamtazama miguu. Nikamwambia, "Mwanamume, huyo analiwa." Akacheka, akaandika, ndipo akamla.

Aliandika pembeni mwa kurasa, kila ndege na jina lake la Kihaya na mti anaojengea. Wazee waliompa majina hayo wamekwisha. Ninyi wote mnawaita ndege, basi.

Akaviweka penye moshi kama mbegu za maharage, mchwa wasivile, ukungu usiviguse. Vinanuka samaki wa moshi, ni kweli. Wewe Evarist ulichukua sanduku moja la vitabu ukalipeleka Bukoba, ukavipanga kwenye kabati la kioo wageni wavione. Masika moja tu, vikaota manyoya kama panya. Ukanificha. Mkeo ndiye aliyeniambia, na usimgombeze.

Sasa unataka kuvunja jiko ujenge nyumba ya vigae hapo hapo, kwa kuwa ndipo gari linapofika. Usinung'unike, nakusikia. "Mae, tutavipiga picha kwa simu." Simu ya mwaka jana iko wapi? Si ilitumbukia chooni?

Vitabu nampa Vestina. Ndiyo, binti, tena aliyerudi kutoka kwa mume, semeni mtakavyo. Yeye ndiye anayewasha moto kila asubuhi. Anayetaka kusoma aje asomee pale pale, macho yamtoke machozi kama yalivyomtoka Apolinary. Asiondoke na kitabu.

Nipeni maji... Inatosha.

Mimi msinizike kando ya baba yenu. Alinikoromea miaka yote, niacheni nilale. Nizikeni mlangoni mwa jiko, pale nilipochora kwa jembe. Halafu wewe Evarist, ukoo wote ukikutazama, njoo uchimbe msingi wako juu ya mama yako.

Umeketi. Vizuri.

Mungu awa... awape watoto wanaouliza maswali, hata kama wanachosha. Awalinde. Evarist, lete mkono, wewe pia ni wangu. Vestina... sisikii moshi. Nenda, mwanangu... kachochee.