Mgeni Asiyejibu Salamu

Benchi la barazani kwa Zubairi, fundi cherehani wa Nateete, Kampala, halikosi watu, maana mkewe Safinah anapika kahawa ya tangawizi ya kumtoa mtu kitandani. Lakini wiki ile, jamani, Zubairi alijiponza mwenyewe. Alinunua sanamu ya dukani, ile ya plasta yenye sura ya mtu, kope na kucha kabisa, akaivika kanzu na kuisimamisha mlangoni. Macho yalikodoka mno, akaivisha miwani nyeusi. Basi wateja wakawa wanafika, wanasalimia kama ilivyo desturi, hawajibiwi, wanageuka na kwenda zao. Idd ilikuwa keshokutwa na kanzu zimejaa kabatini. Roho ilimuuma.

— Lakini kwa nini watu wanaogopa plasta? aliwauliza wenzake.

Okeny, polisi mstaafu aitwaye Redio kwa kupenda habari, aliinama karibu.

— Nasikia Ulaya iko mashine ya sura ya mtu. Inatembea, inaleta chai. Na wazungu wenyewe inawatoa jasho.

— Cherehani yangu pia ni mashine. Nani anaikimbia?

— Cherehani haina pua, ssebo, bwana wangu!

Tarcisio, dereva wa lori, wanamwita Breki kwa sababu hana. Akadakia:

— Kwetu shambani tunasimamisha mtu wa majani, kichwa kibuyu. Ndege wanaogopa, sisi tunacheka. Hii yako imebaki kidogo tu iwe mtu. Hiyo kidogo ndiyo inatisha.

— Kwa nini?

— Unajiuliza, hiyo kidogo imeenda wapi?

— Banange, jamani! Redio akasema. Labda usiku inatoka kuitafuta.

— Labda imeipata, Breki akajibu. Jana ilitazama sokoni. Leo inanitazama mimi!

Safinah alicheka kikombe kikamtikisika mkononi. Hata Zubairi alicheka, na shida zake zote.

Hapo akatokea mama mmoja mgeni, Joska, muuza samaki wa Ggaba, akaenda moja kwa moja mlangoni.

— Habari yako, ssebo?

Kimya.

— Na nyumbani, wazima?

Kimya. Joska akaigusa kidole, akaangua kicheko mpaka wapita njia wakageuka. Kisha akawatazama wale wa benchini.

— Kumbe plasta! Sasa nyinyi wanaume, mbona mnanong'ona?

Redio akachungulia kikombe chake. Breki, ambaye sauti yake hushinda injini ya lori, akakohoa tu. Mtu wa miwani nyeusi, amesimama mlangoni, hajibu salamu: siku zile za utawala wa wanajeshi, nani Kampala hakumjua shushushu wa serikali? Na nani angemtaja? Zubairi akahesabu moyoni, akaona tangu Jumatatu hajapaza sauti dukani mwake mwenyewe.

Akainuka. Akaivua sanamu miwani, akaivua kanzu, akaibeba mgongoni hadi stoo na kuifunika gunia.

— Hiyo kanzu nifungie, Joska akasema. Mwanangu anapeleka posa Jumamosi.

— Safinah! Zubairi aliita, sauti ikavuka barabara mpaka kwa wauza ndizi. Leta kahawa nyingine!

Wauza ndizi wakaitika kwamba na wao wanataka.