Mzee Bado na Pipa la Mwisho

Ndugu, jamaa na majirani mliotusindikiza hadi hapa, marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Bado, alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, katikati ya mavuno ya zabibu, na mama yetu hakuchoka kutusimulia kwamba hata siku hiyo alijivuta, akamweka mkunga akisubiri tangu alfajiri hadi taa zikawashwa.

Alimaliza shule ya msingi, ile iliyo chini ya mashamba, mwaka 1962, kisha akaajiriwa katika kiwanda cha divai kuosha mapipa, kazi ya maji baridi na maumivu ya mgongo, hadi fundi mkuu alipogundua kwamba kijana ana pua kali, akamfundisha kutunza divai nyekundu inayolazwa ndani ya mapipa ya mti wa mwaloni. Zabibu yenyewe ni ile ndogo nyeusi ya ngozi nene, inayopenda mteremko wetu wa mawe, jua kali mchana na baridi usiku, na divai yake ikiwa changa hukausha ulimi kama umelamba chaki, ndipo mwaloni huituliza taratibu na kuiachia harufu ya vanila na moshi kidogo. Kaka akiulizwa kama pipa liko tayari, alionja, akatema, akarudisha kizibo, akasema bado, na jina likamganda.

Tarehe 17 Agosti 1974 alifunga ndoa na shemeji yetu, mchumaji zabibu hodari, ambaye kwa jinsi posa ilivyochelewa alimtuma mtu kuuliza kama na yeye anasubiriwa aive pipani. Walijaliwa binti mmoja, ambaye leo ndiye fundi wa mapipa. Mezani kwao divai ilinywewa na nyama ya kuchoma yenye mafuta, au jibini kavu, na mkwe aliyethubutu kuileta pamoja na samaki alisemwa mpaka samaki akapoa. Jamani, tunaikumbuka meza ile.

Shemeji alitutoka tarehe 2 Mei 2015, na zabibu alizochuma kwa mikono yake msimu huo zilijaza pipa moja, lililopaswa kufunguliwa baada ya miaka miwili. Kila mara binti alipouliza, baba yake alijazia divai kidogo kufidia iliyopungua, akasema bado, ingawa alijua kuliko sisi sote kwamba divai ikikaa mno, mwaloni huimeza zabibu. Binti aliumia sana, akiogopa kwamba kazi ya mwisho ya mama yake inageuka ladha ya ubao, lakini hakuwa na moyo wa kumlazimisha.

Mwaka jana kifua kilianza kumsumbua, akalazwa mara kadhaa, na Jumamosi iliyopita asubuhi alimwita binti kitandani, akamwambia, "Limepita wakati wake, mwanangu, nimelijua siku nyingi, ila niliona likiisha, mama yako naye anaisha. Lifungue, mnywe na nyama, mafuta yatasaidia." Jioni hiyo alifariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokaa nasi, na wafanyakazi wenzake mliolibeba pipa hadi uani. Binti amelifungua leo asubuhi, ameonja, na hakutema. Ubao ni mwingi, hatuwafichi, lakini mwishoni kabisa zabibu ya mama yake ipo.

Kaka, pumzika sasa kwa amani, pipa tumelifungua.