Majina Matatu ya Gundi

Kijiwe chetu ni benchi moja refu, mguu wake mmoja umesimamia tofali, kati ya kibanda cha fundi viatu na duka la kutoa kopi. Fundi viatu tunamwita Gundi, maana vidole vyake havijawahi kuachana nayo. Wengine ni Dobi, na kinyozi tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi. Mimi ndiye mshika birika la kahawa, kwa hiyo mwenye akili timamu ni mimi. Siku hiyo binti wa Gundi, anayesomea uuguzi, alikaa katikati yetu na kompyuta mapajani. Ripoti yake ya mwisho ilitakiwa chuoni kabla ya saa kumi, na saa ilikuwa nane na nusu. Mwalimu wake alishairudisha mara moja kwa ajili ya sentensi moja tu, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: “Nani kasema?”

Dobi: Hebu isome hiyo sentensi, mwanangu.

Binti: “Mguu wenye ganzi, soli huujua kabla ya mwenyewe.”

Redio: Si ya Gundi hiyo? Kila mgonjwa wa sukari akileta kiatu kimelika upande, anaambiwa hivyo hapa na anafukuzwa aende zahanati.

Binti: Ya baba, ndiyo. Mada yenyewe, miguu ya wagonjwa wa sukari, niliichagua kwa sababu yake. Sasa ama nimweke kwenye orodha ya marejeleo, ama niifute.

Gundi: Futa.

Hakuinua hata uso. Alikuwa anagonga misumari kwenye ndara ya mteja.

Dobi: Kwani kumweka ni kazi?

Binti: Kuna programu ya mtandaoni, baba mdogo. Kitabu ukiipa ile namba ya nyuma ya jalada, inatafuta yenyewe mwandishi, mwaka na mchapishaji. Tovuti unabandika kiungo tu. Imenipangia marejeleo ishirini na mbili kabla kahawa haijapoa. Kwa baba imegoma. Hana namba.

Dobi: Anayo! Mia moja na nne. Nimeiandika mwenyewe ndani ya kola.

Binti: Hiyo ni ya shati.

Redio: Basi jaza kwa mkono. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema. Maana yake fomu haiachwi na nafasi wazi.

Mimi: Wahenga hawakusema hivyo.

Redio: Hawakuwa na fomu. Haya, inataka nini?

Binti: Mwaka.

Redio: Aliozaliwa.

Dobi: Acha zako! Mwaka aliosema.

Redio: Anasema kila siku. Andika yote.

Binti: Mchapishaji.

Redio: Mkewe! Gundi akitoa neno asubuhi, mchana soko zima linalo.

Binti: Mama asikusikie.

Dobi: Ukurasa andika: benchi, upande wa tofali.

Redio: Mnahangaika bure. Mwandike ni profesa wa ng’ambo, mkuu wa idara ya visigino. Ukipenda muongezee tuzo mbili. Nani atavuka bahari kwenda kuhakiki?

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Binti naye alicheka, lakini jicho lake lilikuwa kwenye saa ya kompyuta.

Binti: Kuna sehemu ya mahojiano. Haihitaji yote hayo, inataka jina na tarehe tu. Baba, nipe ruhusa. Majina yako yote matatu.

Gundi: Mwanangu, hao ishirini na mbili ni madaktari na maprofesa. Ukinichomeka mimi mshona ndara, mwalimu atacheka, kisha atakurudisha tena. Nazi mbovu harabu ya nzima. Umesota miaka mitatu. Futa, ukawahi.

Binti: Nikifuta jina na maneno nikayaacha, nimekuibia. Nikifuta na maneno, nimeyatupa.

Gundi: Yatupe. Mimi si nitayasema tena kesho?

Aliyasema kwa upole, na ndiyo maana yaliuma. Binti akaweka kidole kwenye kitufe cha kufutia.

Mwenye ndara alikuwa ukingoni mwa benchi, mama wa makamo, mguu mmoja juu ya gazeti. Hakuwahi kukaa kwetu kabla ya siku hiyo, na nadhani aliuliza ili kupitisha muda tu.

Mgeni: Samahani, fundi. Na wewe hayo ya soli, nani alikufundisha?

Gundi: Fundi mmoja. Alikuwa na kibanda nyuma ya shule. Nilikaa naye miaka minne, akinionyesha jinsi soli zinavyolika.

Mgeni: Anaitwa nani?

Nyundo ikabaki juu.

Gundi: Tulimwita Fundi.

Mgeni: Jina lake?

Redio alifungua mdomo, akaufunga. Kwa Redio hilo ni tukio.

Gundi: Alikuwa ananilisha. Nilipougua alinibeba mgongoni mpaka hospitali. Siku moja nikakuta kibanda kimefungwa, wakasema kaenda kwao. Kwao wapi? Na nimuulizie kwa jina gani? Miaka minne, na sikuwahi kumuuliza.

Mimi nilijifanya natazama birika, maana nilikuwa nimekumbuka jambo la aibu. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa nammiminia Gundi kahawa, na jina lake nilikuwa silijui. Dobi na Redio nao walikuwa wanatazama chini. Nilimpenda Gundi kuliko siku zote, na nilimhurumia.

Gundi akaiweka nyundo. Akajifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

Gundi: Andika.

Akataja majina yake yote matatu, polepole, na Dobi akamwomba arudie la ukoo. Binti akaandika, akabonyeza. Programu ikampanga kwa alfabeti, kati ya profesa mmoja na daktari mmoja.

Binti: Wa tisa, baba.

Gundi: Soma.

Akamsomea jina lake.

Gundi: Hapana, mama. Anzia juu. Hao wenzangu nao tuwasikie.